Sofa Zangu Sebuleni kwa Notburga

Nilijibanza nyuma ya ua wa matete wa jirani yangu Notburga, nasubiri aumbuke...

Ndiyo, wajukuu zangu mnaosoma. Mimi, bibi wa miaka sabini na mbili, wa misa ya kwanza kila Jumapili. Nilikuwa nimemtega.

Ndani alikuwepo dada wa shirika linalosomesha vijana ufundi. Wanalipa ada, bweni na vifaa. Ila mtaa wetu hapa Matogoro ulipewa nafasi moja tu, iende kwa kaya yenye hali ngumu kuliko zote.

Walibaki wawili. Amedeus, mjukuu wangu, anataka kuchomelea vyuma. Jane, mjukuu wa Notburga, anataka umeme wa majumbani.

Sasa mimi nina sofa, runinga na friji, alivyoniachia marehemu mwanangu Fransisko. Notburga ana mkeka na viti viwili vya mbao.

Basi siku moja kabla ya ukaguzi nikamwomba anitunzie vitu vyangu, eti napaka rangi nyumba. Akasema lete tu, mlongo wangu, ndugu yangu. Na kubeba akanisaidia.

Msinitukane kwanza...

Wivu wangu kwa yule mama una miaka arobaini na kitu. Nilipomzaa Fransisko niliugua, nikalazwa miezi mingi. Notburga alikuwa na kichanga chake, akamnyonyesha na wangu. Niliporudi, mtoto akanikimbia. Siku alipojua kutamka "mama", alimwita yeye.

Watu walicheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Hata alipokuwa mtu mzima, akirudi safari, mzigo wa kwanza ulitua kwa Notburga.

Haya, turudi uani. Nilijua atasema vitu ni vya jirani. Nilijua pia hataaminiwa, maana kila nyumba inayokaguliwa husema hivyohivyo.

"Bibi, hizi sofa ni za nani?"



"Zangu."

"Na friji?"

"Vyote vyangu. Andika, mwanangu."

Nikaondoka kimyakimya kama mwizi wa kuku.

Wiki mbili baadaye jina likatoka. Amedeus! Jane akaanza kuuza maandazi stendi. Mimi nikachinja jogoo, lakini sahani yangu nikamsogezea Amedeus.

Nikamfuata Notburga shambani, anapalilia maharage. Nikamuuliza kwa nini alidanganya. Hakuacha hata jembe.

"Ua wangu mchwa wameula chini, Mama Fransisko. Miguu yako niliiona."

Aibu gani hiyo, jamani.

"Nikajua unachotaka," akaendelea. "Nikasema basi. Jane mama yake yupo. Amedeus hana baba wala mama, na baba yake alikua kwa maziwa yangu. Ningemnyimaje?"

Mwingine angepiga magoti ashukuru.

Mimi niliungua. Yaani hata bahati ya mjukuu wangu imetoka mkononi mwake?

Kesho yake asubuhi nikapanda bodaboda mpaka ofisi ya lile shirika, Msamala. Nikamweleza yule dada kila kitu. Sofa zangu, friji yangu, uongo wangu. Akanisikiliza, akafuta jina la Amedeus, akaandika la Jane. Akaniambia ni wazee wachache wenye moyo kama wangu.

Nikaipokea sifa ile. Nikarudi nayo nyumbani, kifua mbele.

Mtaa mzima ukanisifu. Notburga peke yake hakunisifu. Alipita mlangoni, akanitazama, akaenda zake.

Jioni nikamweleza Amedeus. Hakupiga kelele. Aliangalia viganja vyake, akaniuliza:

"Bibi, ulienda kule kwa sababu Jane ana shida kuliko sisi? Au kwa sababu hukutaka nisomeshwe na Bibi Notburga?"

Wajukuu zangu, sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu.

Jane yuko chuoni, na ni haki yake kabisa. Amedeus anabeba tofali kwa mafundi, anadunduliza ada mwenyewe. Shikamoo ananipa kila asubuhi, ila macho anayapeleka kando.

Nawaachia hili. Wivu wa kuiba ni rahisi kuukamata. Uogopeni ule unaovaa nguo ya ukweli, ukaenda kuungama, ukarudi na sifa. Huo unaweza kuzeeka nao, na watu wakakuita mtu mwema.