Mwanzilishi Asiye na Sauti

Kila jioni, kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wa darasa la saba katika shule moja ya mtaa wa Umoja walisukuma madawati ukutani, wakafagia vumbi la chaki na kuanza mazoezi. Walikuwa wakitayarisha mchezo wa nyimbo kwa ajili ya siku ya wazazi. Mwalimu Teresiah, aliyewafunza muziki, ndiye aliyeutunga. Ulihusu jambo ambalo kila mtu mtaani alilijua: bomba lililokauka, na akina mama waliokuwa wakigombana kwenye foleni ya maji.

Kavinya aliigiza Mama Bomba, muuza maji mwenye kiburi. Isitoshe, ndiye aliyekuwa mwanzilishi wa nyimbo zote, anayetoa sauti ya kwanza ili wengine waifuate. Shule haikuwa na kinanda, kwa hiyo kikundi kizima kiliimba kwa kiwango cha sauti alichokiweka mwanzilishi. Akianza chini mno, waimbaji hunguruma kama lori la takataka. Akianza juu mno, hufika ubeti wa pili sauti zikiwapasuka. Kavinya hakuwa amekosea hata mara moja.

"Wewe una kinanda kooni," Mwalimu Teresiah alimwambia siku moja. Kisha akawageukia wote. "Lakini koo ni nyama, si chuma. Anayeumwa aniambie mapema nimwandae mwenzake."

Juma la mwisho la mazoezi, Kavinya aliamka akihisi kama amemeza mchanga. Alijua ni nani angeandaliwa iwapo angesema: Koki, rafiki yake wa kufa kuzikana, ambaye alikuwa amezihifadhi nyimbo zote. Kavinya aliona nafasi yake ikimponyoka. Akaamua kunyamaza.

"Mbona mkate umeuacha?" mama yake aliuliza.

"Nimeshiba, Mama."

Aliyeambiwa ukweli ni Zakariye tu, mpiga ngoma wa kikundi.

"Hiyo si kitu," Zakariye alimhakikishia. "Binamu yangu huimba kwenye harusi kule Eastleigh. Yeye humeza yai bichi, halafu anatafuna pilipili. Sauti inakuwa fiti kabisa."

Kavinya alimeza yai bichi nusura alitapike. Alitafuna pilipili mpaka machozi yakamlenga. Sauti ilipozidi kukwaruza, aliilazimisha, akaimba kwa kupaza kuliko siku zote, akiamini kwamba kutu hutoka kwa kusuguliwa. Mwalimu Teresiah alipomuuliza kama yu mzima, alijibu kuwa ni vumbi la chaki tu.

Siku mbili kabla ya onyesho alifungua kinywa kuanzisha wimbo wa kwanza. Ilitoka hewa tupu.

Mwalimu Teresiah alimgusa paji la uso, akaurudisha mkono upesi. "Unachemka, mtoto. Na jana uliniambia ni chaki." Kavinya aliinamisha kichwa. Mwalimu hakumgombeza. Aliwageukia waimbaji. "Koki, njoo mbele."

Muuguzi katika zahanati alimulika koo la Kavinya kwa tochi, akatikisa kichwa. "Limevimba vibaya. Utameza dawa mpaka ziishe, hata ukipata nafuu. Na usitoe sauti yoyote, hata ya kunong'ona, mpaka nikuone tena. Ukiimba na koo hili, unaweza kuiharibu sauti yako."

Jioni hiyo Kavinya alijilaza akaugeukia ukuta. Alimwashiria mama yake kwamba hatakwenda kwenye onyesho. Angewezaje kukaa na kumtazama mtu mwingine akiwa Mama Bomba?

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. "Lia, una haki ya kulia. Lakini Koki amebebeshwa kwa siku mbili mzigo ambao wewe umeuzoea kwa muhula mzima. Nani alimbebesha?"

Kavinya alilia kidogo. Kisha akainuka, akanawa uso na kushika njia ya kwenda kwa kina Koki.

Koki alikuwa amenuna. "Ungeniambia mapema, sasa hivi ningekuwa naimba mpaka usingizini," alisema. "Haya, nijibu. Huwezi, eti? Basi leo nitakusema mpaka nichoke, bure kabisa."

Kavinya alicheka bila sauti. Halafu akainua mkono, akaanza kumwongoza: kiganja juu sauti ipande, kiganja chini ishuke. Waliimba hivyo, mmoja kwa koo na mmoja kwa mkono, mpaka mamake Koki akawakumbusha kwamba majirani nao wana masikio.

Siku ya wazazi ilifika. Kavinya aliketi kwenye benchi la mbele kabisa. Koki alijitokeza jukwaani amejifunga leso mbili, ndoo kichwani. Aliuona umati, akaishika ndoo kwa mikono miwili, akaanza wimbo.

Alianza juu mno.

Kavinya alilijua kosa kabla ubeti wa kwanza haujafika katikati. Waimbaji waliitikia, mishipa ya shingo imewasimama. Mahali pagumu, ule ubeti wa pili unaopanda juu, palikuwa bado mbele. Wakifika pale, sauti zingekatika mbele ya wazazi wote, na kila mtu angesema Koki ndiye aliyeharibu. Kavinya alifungua kinywa. Alihisi sauti sahihi imeketi kichwani mwake, safi, tayari kutoka. Akakumbuka tochi ya muuguzi. Akaufunga mdomo kwa nguvu.

Badala yake alisimama. Nyuma yake mzazi mmoja alinong'ona, "We msichana, keti, unatukinga." Hakuketi. Alimtazama Zakariye pembeni mwa jukwaa, akapiga mapaja yake kwa viganja: ngoma, ngoma. Zakariye alikunja uso, kwa maana ngoma haikupaswa kuingia mpaka wimbo wa tatu. Kavinya alipiga tena, macho yamemtoka. Ndipo Zakariye alipoelewa. Akaishukia ngoma kwa mikono miwili.

Waimbaji walishtuka, lakini miguu yao iliijua ngoma ile. Mabega yakaanza kucheza. Akina mama ukumbini wakapiga vigelegele, wakidhani ndivyo mchezo ulivyopangwa. Wimbo ukawa umekatika bila mtu kugundua. Koki, jasho likimtiririka, aliutafuta uso wa Kavinya. Akauona mkono wake: kiganja kikishuka, kikishuka, kikatulia usawa wa kiuno.

Koki alivuta pumzi. Zakariye alipopunguza ngoma, akaanza upya, safari hii chini, palepale panapofaa. Kikundi kilimpokea kama mtu aliyefika nyumbani. Mahali pagumu wakapapita. Kavinya aliketi, akautazama mchezo wote mpaka mwisho bila kugeuza macho.

Baada ya makofi, Mwalimu Teresiah alimvuta kando.

"Nimeona ulichofanya," alisema. "Umeuokoa mchezo, nami nakushukuru. Lakini nisikilize, maana leo huwezi kunikatiza. Nilipokuuliza, ulinidanganya. Kuugua si kosa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii wenzako pia nusura waumbuke. Mtu anayewapenda wenzake huwaambia mapema kwamba hawezi, ili nao wapate nafasi ya kuweza."

Kavinya aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara mbili.

Dawa zilipokwisha, muuguzi alimulika koo tena, akamruhusu kusema. Kavinya hakusema neno mpaka alipofika mlangoni kwa kina Koki.

"Nilikuficha ugonjwa wangu kwa sababu niliogopa ungeichukua nafasi yangu," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba bado. "Nisamehe. Na muhula ujao nataka tuanzishe nyimbo kwa zamu, wewe na mimi."

Koki alisogea kumpisha. "Ingia basi," alisema. "Nionyeshe tena vile wimbo unavyoanzwa pale chini."