Msumeno Uliokataa Oili

Msumeno ulikuwa wa moto. Hilo lilimshangaza mama fundi kabla ya jingine lolote, maana shemeji yake aliutoa kwenye gunia, na alisema haujawashwa tangu jana.

"Hautoi oili, shemeji," alisema akimkwepa macho. "Mnyororo unakauka, unafuka moshi. Nimejaza oili mpya, wapi!"

Ulikuwa msumeno wa marehemu mumewe. Mti ulimwangukia msituni, na mdogo wake huyu, aliyekwenda naye, ndiye aliyeleta habari: upepo uligeuka, kazi ya Mungu haina makosa. Mjane alilia, kisha akarudi kwenye karakana yao, maana tumbo halijui msiba.

Akafungua kifuniko. Akachokoa vumbi la mbao kwenye tundu la oili, akaosha chujio, akapuliza mpira unaotoka kwenye tangi, akakagua pampu. Vyote vizima. Akawasha, akaelekeza ncha juu ya kipande cha boksi. Oili ikaruka, ikachora mstari.

"Mzima huu. Hebu jaribu wewe."

Shemeji akaushika. Boksi likabaki kavu, mnyororo ukaanza kufuka. Mama fundi akaupokea: oili. Akamrudishia: moshi. Na moshi ule haukunuka chuma wala mbao. Ulinuka jasho la mumewe, harufu aliyoilalia miaka yote ya ndoa.

"Uzime," alinong'ona.

"Nimeshauzima."

Kweli swichi ilikuwa chini, lakini msumeno uliendelea kunguruma, polepole, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno zito, na ngurumo ile ikaanza kujikusanya, ikawa pumzi, pumzi ikawa sauti, na sauti ile mama fundi aliijua kama anavyokijua kiganja chake, ikisema bila haraka yoyote: mke wangu, muulize nilikuwa nimesimama wapi alipokata.

Shemeji akataka kuuweka chini. Vidole havikufunguka.

"Alikuwa amesimama wapi?" mama fundi aliuliza.

"Shemeji, nitoe kwanza hiki kitu mkononi."

"Wapi?"

"Upande wa kuangukia mti. Alikwenda kufunga kamba. Aliniambia nisiguse mti mpaka atoke. Nikakata. Niliitaka karakana hii. Na wewe nilikutaka. Shetani alinipitia. Nakuomba, mwite mganga amtoe kaka humu."

Mganga alikaa nyumba ya tatu tu, na kumwita kusingekuwa kazi, lakini mama fundi alisimama pale akiwaza mikono ya mumewe aliyoiosha yeye mwenyewe siku ya maziko, na huyu aliyekuja kumfariji kila jioni, akila chakula chake, akimwambia ajikaze, huku ncha ya msumeno ikianza kugeuka yenyewe, kidogo kidogo, kuelekea kifuani kwa aliyeushika.

Akafuta mikono kwa kitambaa. Akatoka, akavuta mlango, akapiga komeo.

Seremala wa jirani, mmoja wa waliobeba jeneza, alikuwa amesimama kibarazani kwake, amekunja uso.

"Kuna nani humo?"

"Shemeji yangu," alijibu kwa upole. "Yuko na kaka yake. Wana mazungumzo."

Seremala akatazama komeo, akamtazama yeye, kisha akaingia ndani kwake na kufunga dirisha.