Sinia la Mashine Kongwe

Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, katika chumba cha santuri cha maktaba, Mkutubi alifunua kifuniko cha mashine kongwe ya santuri akakuta sinia halipo. Ile sahani nzito ya chuma inayobeba santuri ikizunguka ilikuwa imenyofolewa, na mpira wake wa juu umelazwa mezani.

Kabla ya kumwambia yeyote, alimpigia simu shangazi yake. Miaka ishirini na minane ya upelelezi ilimwachia shangazi huyo magoti mabovu na jina la Afande, lililokataa kustaafu naye. Baada ya dakika kumi alikuwa mlangoni.

"Shangazi, nimekwisha. Mkurugenzi anataka mashine mbili zisikilizwe leo, mpya na kongwe, tuchague moja kabla ya saa sita. Tusipochagua, chumba hiki kinageuzwa stoo. Santuri elfu mbili nitazipeleka wapi?"

"Nani wameingia humu?"

"Jana saa kumi na nusu Fundi alikuja kusafisha mashine yake hii kongwe, akaondoka saa kumi na moja na nusu. Leo saa mbili Muuzaji ameingia kukagua nyaya za ile mpya, aliyoileta juzi. Ufunguo uko mapokezi, kila mtu anajua."

Afande aliinama bila kugusa kitu. Mkono wa mashine ulikuwa umefungwa kwenye kishikizo chake, na sindano imevishwa kofia yake ndogo ya plastiki.

Fundi aliingia akihema, mkoba begani. Mkononi alikuwa na saa yake ya kutia ufunguo, ambayo mtaa mzima uliifuata.

"Mniwie radhi. Saa nne na dakika tano tayari."

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro robo. Simu ya Afande nayo ilisema hivyo hivyo. Akavaa miwani.

Fundi alipoelezwa habari ya sinia, aliitikia upesi mno. "Basi, ndiyo bahati. Chukueni mpya. Yangu nitairudisha nyumbani."

Zamu ya Muuzaji ilifika. Alikuwa na tai iliyombana na jasho la mtu anayejua anavyofikiriwa.

"Mwanangu, ulikuwa humu peke yako?"

"Robo saa, Afande. Lakini sinia la kilo mbili ningelificha wapi, kwenye tai? Tena mashine hizi hazina mkanda wa kuzungushia, mota iko chini ya sinia lenyewe. Sinia lina duara la sumaku kwa chini. Hata simu yangu siisogezi hapo."

"Ya zamani pia?"

"Zote aina moja. Zimepishana miaka arobaini tu."

"Shangazi, wa kufaidika ni yeye," Mkutubi alidakia. "Mwingine nani?"

Uso ulimshuka Muuzaji. Akaanza kuchomoa nyaya. "Kama mimi ni mwizi, naondoka na mashine yangu."

"Kaa," alisema Afande, na Muuzaji akakaa. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi, na kama mashine zote mbili zingetoka humo, stoo ilikuwa imeshinda.

Afande aliwageukia wote.

"Adui wa mashine angevunja sindano. Sekunde moja, kazi kwisha. Huyu wetu amefunga mkono, ameivisha sindano kofia. Ameiba huku anabembeleza. Fundi, saa ngapi?"

"Saa tano na dakika kumi na mbili."

"Inazidi kukimbia. Jana je?"

"Jana mchana ilikuwa sawa," Mkutubi alisema polepole. "Hiyo ya ukutani niliirekebisha kwa saa ya Fundi."

"Saa ya springi ikikaribiana na sumaku hupagawa. Ulilikumbatia sinia hadi nyumbani, Fundi."

Fundi alivuta kiti. Akakaa.

"Jana jioni nilizisikiliza zote mbili," alisema. "Ile mpya ni nzuri. Inashika mwendo mara moja, haiyumbi. Hii nimeihangaikia miaka kumi na moja, vipuri vingine nimevichonga mwenyewe. Nikaona aibu isikike ikishindwa mbele ya watu. Nilidhani mtachukua mpya, yaishe. Habari ya stoo sikuijua." Akamgeukia Muuzaji. "Nawe sikukufikiria kabisa. Nisamehe, mwanangu."

Muuzaji alikuwa na haki ya kufoka. Badala yake alilegeza tai. "Mzee, yangu ikiharibika mimi vipuri sina. Nani ataitengeneza?"

Swali hilo lilimfanya Mkutubi acheke, mara ya kwanza siku hiyo. Fundi alitumwa nyumbani, akarudi saa tano na nusu na sinia ndani ya blanketi. Walizipiga santuri zilezile kwenye mashine zote mbili, na Mkutubi akasikiliza akiwa amewapa mgongo.

Alichagua mpya, kwa sababu ingeguswa na mikono mingi isiyo na uzoefu. Lakini kwenye fomu, pale penye mtunzaji wa mashine, aliandika Fundi, kila Ijumaa, na ile kongwe yake akaitengea rafu karibu na dirisha, isiondoke bila yeye mwenyewe kutaka. Fundi alisoma mstari huo mara mbili, macho yamemlowa, wala hakuyaficha.

Saa sita kasoro dakika tano fomu ilikwenda kwa Mkurugenzi. Fundi aliivisha sindano ya mashine mpya kofia yake, akatazama ukutani, akairudisha nyuma saa yake.