Kidoti na Walimu Wawili

Kila asubuhi Kidoti aliwahi dawati la mbele, akafuta vumbi kwa kiganja na kufungua daftari la hesabu. Alikuwa kiziwi. Kwa miaka mitatu shule ilimweka chumba cha nyuma, kando ya stoo ya mafagio, ikaiita hiyo elimu. Mama yake alibisha hodi ofisini mpaka wakachoka naye. Sasa Kidoti alikuwa darasa la tano na wenzake, mbele yao walimu wawili: wa hesabu na chaki yake, na wa lugha ya alama aliyetafsiri kwa mikono.

Lakini kichwa chake kilivurugika kama uzi uliochezewa na paka. Akitazama mikono, ubao ulishafutwa. Akitazama ubao, mikono ilishafika mbali. Alipoulizwa kama ameelewa, aliitikia kwa kichwa, maana mwalimu wa hesabu alishasema jaribio la Ijumaa likimshinda atarudi kule nyuma.

Jirani yake wa dawati, Ngongoti, alikuwa amejifunza alama chache, nyingi za utani. Alimwambia anaitikia kama mjusi ukutani. Kidoti alicheka, kisha akakosa raha.

Jumatano aliitwa ubaoni kugawanya themanini na nne kwa sita. Alianza na swali hilo, akamalizia na la jana. Darasa likaguna. Mwalimu wa hesabu akataka kujua mbona jana aliitikia. Kidoti akaweka chaki chini, akasema kwa mikono.

"Nilidanganya, mwalimu. Sikuelewa. Mnafundisha wote wawili kwa wakati mmoja, na macho yangu hayagawanyiki."

Mwalimu wa alama akayasema hayo kwa sauti, kisha akamgeukia mwenzake. "Sisi tunakutana mlangoni kengele ikishalia. Hatujapanga somo pamoja hata siku moja."

Jioni hiyo walikaa wakapanga. Alhamisi mwalimu wa hesabu aliandika, akanyamaza, akasubiri mikono imalize. Hata Ngongoti akaelewa, akauliza walikuwa wapi siku zote.

Ijumaa Kidoti alipata nane kati ya kumi.

"Nilitaka kukurudisha kule kwa kosa letu," mwalimu wa hesabu alimwambia mbele ya darasa. "Usiitikie tena usichokielewa. Nasi hatutaingia hapa kabla ya kupanga pamoja."

Kidoti hakuitikia. Aliinua mkono, akaomba sentensi ya mwisho irudiwe, polepole.