Madoa kwenye Mchicha wa Sikudhani

Kila asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la tano pale Shule ya Mkuza walimwagilia matuta yao ya mchicha. Ulikuwa mwaka 1974, na shamba la shule ndilo lililowapa mboga ya mchana. Sikudhani alilipenda tuta lake kuliko hata daftari lake.

Siku moja aliona madoa meupe chini ya majani. Akaingiwa na hofu, maana mwisho wa mwezi Mwalimu Kasiani angechagua tuta bora. Akayachuma majani yale, akayatupa kwenye shimo la mbolea. Kesho yake tena, na keshokutwa. Mjanja wetu alisahau kwamba darasa zima lilichota mbolea humo humo.

Baada ya wiki mbili, tuta la rafiki yake Honorata, aliyekuwa wa kwanza kuchota mbolea ile, likajaa madoa.

"Uvivu huu!" Mwalimu Kasiani alifoka. "Kesho tuta hili nampa mwingine."

Honorata alilia kwa kwikwi. Mchana ule Sikudhani hakuweza kumeza hata tonge moja.

Kesho yake akaja bwana shamba, Bwana Gregori, kukagua shamba la shule. Alitazama jani kwa kioo cha kukuzia, akafunua kitabu chake mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huu ni ukungu, lakini wa namna hii haumo humu. Nani anajua ulianzia wapi?"

Sikudhani akasogea mbele.

"Shikamoo, Bwana Shamba. Ulianzia kwangu. Honorata hana kosa. Mimi nilichuma majani mabovu nikayatupa shimoni."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nionyeshe."

Majani yalikunjwa ndani ya gazeti, yakapelekwa kwa wataalamu. Matuta yote mawili yaling'olewa na kuchomwa moto, na shimo likafukiwa. Sikudhani alilia, lakini usiku ule alilala vizuri.

Miezi ikapita, barua ikaja: ukungu ule ulikuwa aina mpya, haujapata kuandikwa popote.

"Kumbe tumegundua ugonjwa!" Honorata alicheka, akimkumbatia Sikudhani.

Mwalimu Kasiani akaikunja barua.

"Honorata, nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kukuuliza. Nawe Sikudhani, mficha maradhi kifo humuumbua. Ulipoficha, tulikosa mboga. Uliposema kweli, tukapata elimu. Sasa nawapa tuta moja, mlilime pamoja. Mkiona doa, hata dogo kama punje ya mtama, njooni mbio mniambie."