Siku Kogo Alipomwita Mama Mfanyakazi

Nina miaka kumi na saba na niko Fomu Tatu. Nyumbani ni Kimulot, kule juu ambako mashamba ya chai yanaishia na msitu wa Mau unaanza. Mimi si mtu wa kusema. Mwalimu akiniuliza swali, najibu nikiangalia viatu. Mambo yangu huwa nayaandika kwa daftari, halafu naliweka chini ya godoro... Lakini hili nimekataa lilale chini ya godoro. Wasomaji wenzangu, nivumilieni.

Kwanza niwaeleze familia yetu ilivyo, maana wengine mtashangaa.

Kwetu Wakipsigis, mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa msichana. Ndiyo, mwanamke anaoa mwanamke! Na si mambo hayo mnayofikiria. Anatoa ng'ombe, wazee wanakaa, na watoto wa huyo msichana wanakuwa wa nyumba yake na wa jina la marehemu mume wake, ili moto wa nyumba usizimike. Kogo wangu, yaani nyanya, alimwoa Mama hivyo. Mimi na ndugu yangu mdogo Kibet tulizaliwa katika nyumba hiyo. Baba yetu ni nani? Kwetu swali hilo haliulizwi. Aliyemwoa Mama ni Kogo, basi.

Na walipendana jamani! Kogo alikuwa mkali lakini mcheshi. Asubuhi angeonja chai na kukunja uso.

"Bibi yangu, hii ni chai ama ni maji ya kuoshea vikombe?"

"Si wewe uliuza maziwa yote, mzee wangu!" Mama angejibu, na wote wawili wangecheka mpaka Kogo akohoe.

Bibi yangu, yaani mke wangu. Hivyo ndivyo alivyomwita miaka yote. Shikeni neno hilo.

Sasa ikaja bonasi. Si ile ya kiwanda cha chai tunayoijua sote. Hii ilikuwa ya serikali. Mkulima akubali kung'oa chai ya zamani, apande miche mipya, na serikali itampa bonasi ya kumtia moyo. Na juu ya hiyo, mkulima aliyeandika mtu kazi angeongezewa nyingine. Ingekuja mara mbili, nusu sasa, nusu baada ya ofisa kurudi kuhakikisha.

Kijiji kizima kiliamka! Lakini nani kwetu ana mfanyakazi? Shamba ni ekari moja, ekari moja na nusu. Anayechuma ni bibi yako na watoto wako wakitoka shule.

Aliyeleta wazo ni Ankol Wilson, mtoto wa ndugu ya marehemu mume wa Kogo. Alikuwa mtu wa kutusaidia, msimdharau bado. Alitubebea mbolea, alimpeleka Kogo hospitali. Alisema ni rahisi sana: siku ya baraza, wamama wavae aproni za kuchumia, wabebe vikapu mgongoni, wasimame kwa laini. Ofisa akiuliza, mkulima aseme huyu ni mfanyakazi wangu. Kwani ofisa wa kutoka Bomet anamjua nani?

Mama hakupenda. Nilimwona. Lakini Kogo alimwambia ni mchezo wa siku moja tu, na pesa ikitoka itanimalizia shule. Mama akiniangalia mimi angekataaje?

Siku ya baraza ilikuwa kama sherehe. Wamama wote kwa laini na vikapu! Jirani yetu Mama Moraa, ambaye watu wao walitoka upande wa Kisii wakanunua shamba karibu na letu, alimgeukia mumewe mbele ya watu.

"Bwana mwajiri, leo nitalala wapi? Ama wafanyakazi wanalala stoo?"

"Wewe nyamaza, utaachishwa kazi!" mumewe akajibu.

Watu walicheka hadi machozi. Hata mzee wa kijiji alikuwa amewasimamisha bibi zake wawili, mmoja mchumaji, mwingine mpaliliaji.

Ofisa akafika kwetu. Kijana mpole, gambuti zake mpya. Akauliza, "Na huyu, Kogo, ni nani wako?"

Kogo akamtazama Mama kidogo... Kidogo tu. Halafu akasema, "Ni mfanyakazi wangu."

"Na huyu msichana?" akaniuliza mimi. Niliangalia viatu. Ankol Wilson akanijibia haraka, "Huyo ni mtoto wa mfanyakazi."

Mbona sikucheka kama wengine? Sijui. Tulirudi nyumbani. Asubuhi iliyofuata Kogo aliita, "Bibi yangu, chai iko wapi?" Mama akaleta kikombe, akakiweka mezani, akasema taratibu, "Ndiyo hii, mwajiri." Alikuwa anatania. Lakini Kogo hakucheka. Aliiacha ile chai ikapoa.

Nusu ya kwanza ilikuja. Chai yetu ikang'olewa, mashina yale manene ambayo mume wa Kogo alipanda na mikono yake. Miche ikapandwa. Karo yangu ikalipwa.

Halafu baridi ya Julai ikampata Kogo kifuani. Alilala wiki baada ya wiki. Siku moja nikiwa nampa uji alinishika mkono, akasema anataka kupelekwa kwa chifu aseme ukweli, kwamba Mama ni bibi wa nyumba. Nilifurahi! Lakini Ankol Wilson alisema, "Kogo, ngoja nusu ya pili itoke. Ukienda kusema sasa, utaharibia kijiji kizima. Ikitoka, nitakubeba mwenyewe."

Kogo akangoja. Kifo hakikungoja.

Siku ya mazishi ndiyo sitasahau. Ankol Wilson ndiye aliyeandika maisha ya marehemu, na binti yake akasoma kwa maikrofoni. Ameacha huyu, ameacha yule. Nilingoja jina la Mama. Nilingoja... Mwishoni kabisa nikasikia: "Familia inamshukuru pia mfanyakazi wake mwaminifu aliyemtunza hadi mwisho."

Woi! Mama alikuwa amesimama karibu na jeneza, ameshashika udongo mkononi. Aliuachilia ukaanguka chini. Watu walikuwa wengi mpaka barabarani, na wote wanajua ukweli. Hakuna aliyefungua mdomo.

Baada ya matanga, Ankol alisema shamba ni la ukoo wake. Mama akaita kokwet, yaani mkutano wa wazee wa kijiji. Walikaa kwenye nyasi karibu na sentaa ya majani, pale wakulima hupimia chai. Ankol alisimama, mpole kabisa, kofia mkononi.

"Mimi simfukuzi mtu. Lakini mwajiri akifa, kazi si imeisha? Na si mimi nilisema ni mfanyakazi. Marehemu mwenyewe alisema, mbele ya ofisa, mbele yenu wote. Kuna aliyekuwa kiziwi siku hiyo?"

Mzee wa kijiji akauliza kama kuna mtu anajua vingine.

Mniambie, wasomaji, wangesema nini? Wakisema Kogo alidanganya, basi na wao walidanganya. Nusu ya pili ilikuwa bado haijatoka. Nilimwona Mama akimtazama Mama Moraa, rafiki yake wa kukopeshana chumvi, wa kushikiana watoto. Mama Moraa alikuwa anafunga fundo la leso yake, anafungua, anafunga tena... Mumewe alikuwa amemkanyaga kidole cha mguu. Niliona kwa macho yangu.

Hakusema. Hakuna aliyesema. Na mimi je? Mimi niliangalia viatu, kama kawaida yangu.

Tulihamia chumba kimoja pale sentaa, mabati matupu. Mama akaanza kuchuma chai kwa mashamba ya watu. Mfanyakazi kweli sasa! Kibet akawa analala darasani kwa njaa. Siku moja Mama Moraa alileta viazi, akasimama nje analia. Mama hakumfungulia. Alisema tu kutoka ndani, "Weka hapo mlangoni, mama. Sisi wafanyakazi hatuna pa kukaribisha wageni."

Miezi ikaenda. Halafu Jumamosi moja, boda ikasimama mlangoni. Ankol Wilson! Na mkate, na sukari, na tabasamu.

"Chamgei, shemeji!" akasalimia.

Shemeji? Leo?

Ofisa alikuwa anarudi Jumatatu kuhakikisha wafanyakazi. Ankol alimwomba Mama aje na kikapu chake, kwa kuwa ndiye aliyeandikwa, asimame tu kwa laini, hata hahitaji kusema neno. Angelipa karo yangu muhula mzima.

Nilingoja Mama amrushie ule mkate. Hakurusha. Aliangalia sare yangu iliyochanika kwapani, akasema, "Tutakuja."

Nilimchukia siku hiyo, nasema ukweli. Sikula ule mkate. Kibet alikula wote.

Jumatatu tukaenda. Wamama walikuwa kwa laini na vikapu, kila mmoja kando ya shamba lake, lakini hakuna aliyetania safari hii. Walimwona Mama wakageuza macho. Nilisimama nyuma yake. Ofisa ni yule yule, gambuti zimezeeka. Alikuja polepole, shamba kwa shamba, mtu kwa mtu... akafika kwetu.

"Huyu ndiye wangu," Ankol akasema. "Amefanya kazi hapa miaka mingi sana."

"Ni kweli, mama?" ofisa akauliza.

Mama akafungua mdomo. Machozi yakatoka kabla ya maneno. Ofisa akashangaa, akanigeukia.

"Msichana, wewe unamjua huyu mama? Ni nani hapa?"

"Huyo achana naye," Ankol akacheka. "Ana haya, hasemangi."

Niliangalia viatu. Vilikuwa na udongo mwekundu wa shamba letu. Na nyuma ya viatu vya ofisa niliona kaburi la Kogo. Ankol alikuwa amepanda miche mingine karibu iguse kaburi.

Sijui sauti ilitoka wapi. Ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

"Anafanya kazi hapa, lakini si mfanyakazi. Ni bibi wa hii nyumba. Aliyemwoa amelala pale. Na mimi ni mtoto wa hapa."

"Mtoto mjinga!" Ankol akafoka. Ofisa akainua mkono kumnyamazisha, akaniuliza, "Na ile siku ya kwanza niliyokuja?"

"Siku ile tulidanganya."

Nilisema tulidanganya. Sikusema walidanganya. Karo niliyosomea ilitoka hapo pia.

Ndipo nikasikia kikapu kikianguka. Ni Mama Moraa.

"Hata mimi! Huyu si mwajiri wangu, ni mume wangu, na tangu anioe hajawahi kunilipa hata shilingi!"

"Wewe mwanamke, nyamaza!"

"Nilinyamaza kwa kokwet ukinikanyaga mguu. Leo kanyaga vile unataka!"

Mtu mmoja alicheka, halafu akaacha. Kikapu kingine kikawekwa chini. Halafu kingine. Si vyote. Bibi mkubwa wa mzee wa kijiji aliweka chake, yule mdogo akashikilia chake.

Ofisa alirudi kwa gari bila kuaga.

Msifikiri mambo yaliisha vizuri. Nusu ya pili haikutoka kwa mtu yeyote. Wengine wameambiwa warudishe hata ile ya kwanza. Kuna watu hawatusalimii hadi leo, na vijana wa boda wananiita "Miss Bonasi" nikipita. Nikiandika haya najua kuna mama kijijini amekosa kununua dawa kwa sababu ya mdomo wangu. Hilo linaniuma.

Lakini kokwet ilikaa tena. Safari hii hakuna aliyekuwa na cha kuficha. Mzee mmoja alisimama na kusema ni yeye mwenyewe aliyeswaga ng'ombe za mahari ya Mama, na kwamba mmoja wao alikuwa na pembe iliyovunjika. Nilitamani kumuuliza, mzee, mara ya kwanza hiyo pembe ulikuwa umeiweka wapi? Sikumuuliza. Nilikuwa nimetumia sauti yangu yote.

Tumerudishiwa nyumba na kipande cha juu. Cha barabarani Ankol bado anang'ang'ania, kesi inaendelea. Chai ya zamani ilishang'olewa, na miche bado iko magotini, haichumiki. Mama bado anachuma kwa watu. Lakini jioni akirudi, anapitia kwa kaburi kwanza. Juzi nilimsikia akisema, "Mzee wangu, mtoto wako ameanza kusema. Sasa nani atamnyamazisha?" Akacheka peke yake. Mama Moraa, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, alikaa chini kwa nyasi akalia.

Wasomaji wenzangu, simlaumu Kogo. Alimpenda Mama. Alimkana siku moja tu, kwa mzaha, kwa sababu yangu, na neno hilo likamzika yeye na kutufukuza sisi. Serikali ikileta bonasi, pokeeni, si vibaya. Lakini msilipie kwa jina la mtu wenu. Pesa ile ililiwa kabla mvua haijaanza. Neno lile tunaling'oa hadi leo.

Na wewe mwenye haya kama mimi, unayeangalia viatu... siku utakapoulizwa huyu ni nani wako, tafadhali inua macho. Sema ni wangu. Sema mapema, kabla hawajaandika kitu kingine.