Swichi ya Twila

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Kentucky nilipofika kwa Verlene Stamper. Kazi ndogo, alisema kwenye simu. Akiwasha jiko, taa za jikoni zinafifia, na za chumbani zinang'aa kupita kiasi.

"Umefika, Hobart? Nilidhani mkeo amekufichia viatu."

Nikacheka. Sikucheka tena siku ile.

Chumbani alilala mumewe, Delmer, akipumua kwa mashine ya oksijeni. Ikizimika, kulikuwa na mtungi mmoja tu wa akiba. Wa nusu saa.

Nyumba zetu huingiza nyaya tatu: mbili za moto, mmoja wa kurudisha. Huo wa kurudisha ukiachia, upande mmoja wa nyumba hufa njaa, mwingine hushiba hadi kuungua. Nikafungua boksi la umeme ukutani mwa chumba hicho, nikapima; kila upande ulipaswa kuwa volti mia na ishirini. Upande mmoja volti tisini. Upande wa mashine, mia na hamsini.

Nikakaza skrubu zote. Wapi! Ubovu ulikuwa nje, nguzoni, na nguzo ni ya kampuni ya umeme, sisi mafundi wa mtaani hatuigusi. Nikawapigia. Wakasema mtu wao atafika baada ya saa moja.

Nikahamishia mashine upande wa pili. Nikapima.

Ile mia na hamsini ilikuwa imeifuata.

Swichi zote boksini zilikuwa na majina yaliyoandikwa kwa penseli, mwandiko wa Delmer: jiko, pampu, bafu. Moja ilikuwa imezimwa na kufungwa kwa utepe mweusi. Twila.

"Iache hiyo," Verlene akanong'ona. "Ni ya chumba cha binti yetu. Alichelewa kurudi, baba yake akamzimia umeme kumtia adabu. Akashuka ngazi gizani, akaanguka..."

Ilikuwa imepita miaka kumi na moja tangu wamzike.

Juu, ubao ukalia. Kisha harufu... ya nywele zinazokunjwa kwa pasi ya moto, kama za msichana anayejipamba kutoka.

Mashine ikaanza kukoroma. Delmer akanitazama, midomo imebadilika rangi.

"Mwashie," akasema.

Niliogopa, lakini nilikuwa na lipi lingine? Nikabandua utepe. Nikawasha.

Mia na ishirini. Mia na ishirini.

Mtu wa kampuni alipofika, akapanda nguzoni, mara akaita, "We fundi! Waya wa kurudisha umekatika vipande viwili! Umeme wako umekuwaje sawa? Nani alikuwa ameushika?"

Nikatazama juu. Dirisha la Twila lilikuwa linawaka.

Akauunga waya.

Dirisha likazimika.

Ndani, Verlene akapiga ukelele. Nikakimbia. Taa zilikuwa zimetulia, mashine ilikuwa inasukuma hewa vizuri kabisa. Delmer ndiye asiyekuwa akiivuta. Nilimtikisa, nikamwita, nikafungua na ule mtungi. Haikusaidia kitu.

Kipimo bado kilikuwa mkononi mwangu niliposikia nyayo ngazini, zikishuka polepole.

Za watu wawili.